Jino Limezibwa, Mbona Bado Linashtuka? Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jino lilikuwa na tundu, pengine hata halikuwa linauma. Daktari akachonga, akaziba, ukarudi nyumbani. Sasa kila ukinywa maji baridi jino linashtuka hadi unashika shavu, na unajiuliza kama umeharibiwa jino lililokuwa zima. Mara nyingi jibu ni hapana. Jino lililotoka kuchongwa husumbua kwa muda, na mengi hutulia yenyewe. Kazi yako ni kutambua kama lako ni mojawapo ya hayo, au kama kuna kitu kinachohitaji mkono wa daktari. Ukali wa maumivu peke yake hautakuambia. Watu wengi hutishwa na maumivu makali ya sekunde mbili, huku wakivumilia maumivu madogo ya saa nzima, ambayo ndiyo mabaya zaidi.

Angalia mambo matatu: maumivu yanaanzishwa na nini, yakishaanza yanakaa muda gani, na kama wiki hii una nafuu kuliko wiki iliyopita. Mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Kabla ya yote: ikiwa uso au shingo imevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, au unapata shida kumeza au kupumua, usiendelee kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Kinachotokea ndani ya jino

Chini ya enameli, lile gamba gumu la nje, kuna dentini. Dentini imejaa vijirija vyembamba mno, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, na vyote vinaelekea ndani, kwenye kiini cha jino chenye neva na mishipa ya damu. Ndani ya vijirija hivyo kuna majimaji. Baridi, upepo au sukari ikigusa dentini, majimaji husogea, na neva huhisi msogeo huo kama maumivu. Maelezo haya yalijengwa hasa na mtafiti wa Sweden, Martin Brännström, katika miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo yanayokubalika zaidi.

Kuchonga jino hufungua vijirija hivyo. Ongeza joto la mashine, mtikisiko, kukaushwa kwa hewa, na bakteria waliokuwa kwenye uozo tangu zamani: kiini huvimba kidogo. Kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia, kwa hiyo huwa chepesi kushtuka kwa kitu kidogo tu.

Kizibo chenyewe, yaani ile dawa ngumu iliyojaza tundu, nacho kina tabia zake. Kile cha rangi ya jino hugandishwa kwa taa ya bluu, na kikiganda husinyaa kidogo. Kusinyaa huko kunaweza kuvuta kuta za jino au kuacha mwanya mwembamba chini yake. Kile cha rangi ya fedha, amalgamu, ni madini, hivyo hupitisha baridi na joto haraka kuliko jino lenyewe.

Hatua ya 1: Siku ya kuziba

Ganzi ya sindano hukaa kwa saa kadhaa, na taya la chini huchelewa zaidi kuzinduka. Usitafune chochote hadi iishe. Shavu au ulimi uliong'atwa ukiwa na ganzi hutoa kidonda, na kesho yake utashindwa kujua kinachouma ni kidonda au jino. Kama umewekewa amalgamu, tafunia upande mwingine kwa siku nzima, maana huchukua takribani saa 24 kukomaa. Kizibo cha rangi ya jino huwa tayari ukiondoka kitini.

Ganzi ikishaisha, funga meno taratibu, bila nguvu. Je, yanakutana yote kwa pamoja kama zamani, au kuna moja linalotangulia kugusa? Kumbuka jibu. Lina maana kubwa katika hatua ya 3.

Mahali sindano ilipoingia na misuli ya taya vinaweza kuuma kwa siku chache. Hilo ni jambo jingine kabisa, wala halihusiani na kizibo.

Hatua ya 2: Jua ni jino lipi, na linaudhiwa na nini

Watu husema "upande huu wote unauma", na ni kweli hivyo ndivyo unavyohisi, kwa sababu neva za meno hazielekezi vizuri. Jino la juu linaweza kukudanganya kuwa ni la chini. Kwa hiyo pima.

Anza na baridi. Piga funda dogo la maji baridi, inamisha kichwa upande husika, uyaache yaguse meno ya chini kwanza, kisha ya juu. Ukianza na ya juu maji yatateremka na hutajua lipi limeshtuka. Likishtuka, tema na uhesabu sekunde hadi maumivu yaishe kabisa. Siku nyingine jaribu kinywaji cha moto kiasi, na siku nyingine kitu kitamu.

Kisha kung'ata. Kunja kipande cha pamba safi kiwe kigumu kidogo, kiweke juu ya jino moja, bonyeza polepole, halafu achia. Sikiliza kwa makini ni wakati gani linauma: unapobonyeza, au unapoachia? Rudia kwa jirani zake wa mbele na nyuma, na kwa jino kama hilo la upande wa pili wa mdomo, ili ujue hali ya kawaida yako ikoje.

Andika kwenye simu: tarehe, kichochezi, sekunde, na ukali kutoka 0 hadi 10. Fanya hivi mara mbili kwa wiki, basi. Kulijaribu jino kila saa kunalichokoza, na utaishia kupima usumbufu wako mwenyewe.

Sasa soma ulichoandika. Baridi inashtua lakini maumivu yanaondoka ndani ya sekunde chache: kiini kimeudhika lakini kiko hai, na kina nafasi nzuri ya kupona. Baridi au moto ukishaondoka maumivu yanabaki nusu dakika au zaidi, yanaanza yenyewe bila kuguswa, yanakuamsha usingizini, au kitu cha moto kinayawasha na maji baridi yanayatuliza: hapo kiini huenda kimeshindwa, na kungoja hakutakisaidia. Maumivu ya kubonyeza, hasa ukihisi jino "limerefuka", yanaelekeza kwenye kizibo kilichopanda, yaani kilichozidi kimo. Maumivu makali ya ghafla unapoachia yanatia shaka ya ufa kwenye jino. Kizibo kilicholegea pia huweza kufanya hivyo.

Kuna nyakati jino lililozibwa linasingiziwa tu. Fizi iliyorudi nyuma kwenye jino la jirani huacha shina wazi, na baridi hulishtua hilo. Magego kadhaa ya juu yakiuma kwa pamoja wakati una mafua, na yakizidi ukiinama, shuku uvimbe wa nafasi za hewa zilizo juu yake. Na kama kizibo kipya cha madini kinagusana na madini mengine mdomoni, unaweza kupata mshtuko mdogo wa umeme wakati meno yanapokutana. Huu wa umeme hufifia wenyewe kwa kawaida.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza shaka ya kizibo kilichopanda

Hii naiweka mbele ya dawa zote, kwa sababu ni tatizo la kawaida sana, ni rahisi kulitatua, na ukilikosa hakuna dawa ya meno itakayokusaidia.

Fikiria namna lilivyotokea. Umelala kitini, nusu ya mdomo haina hisia, umechoka kuachama. Daktari anaweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno na kukuambia "ng'ata". Unang'ata, lakini taya lako halifungi kama unavyofunga ukiwa umekaa mezani. Alama ya rangi inatokea mahali fulani, anapunguza hapo, anakuuliza "sasa je?" Unasema sawa, maana huhisi kitu. Kesho yake ganzi imeisha na kizibo kimezidi kwa unene wa unywele. Huo unatosha. Kila ukifunga mdomo jino hilo linapokea mzigo wa mengine yote, na nyuzi zinazoshikilia mzizi wake ndani ya mfupa zinachubuka. Baada ya siku kadhaa hata baridi, ambayo mwanzoni haikulisumbua, inaanza kulishtua.

Dalili zake: linauma ukitafuna lakini likiachwa linatulia, unahisi linatangulia kugusa, na ukiwa mtu wa kusaga meno usingizini, asubuhi ndiyo mbaya zaidi.

Ukiona hivyo, usingoje wiki. Zikipita siku 2 au 3 bila nafuu, piga simu kliniki na useme wazi: "Kizibo kinatangulia kugusa nikifunga mdomo." Marekebisho huchukua dakika chache na kwa kawaida hayahitaji sindano, kukosa ganzi hapo ni faida, kwa sababu safari hii unaweza kutoa jibu la kweli. Omba ukaguliwe ukiwa umekaa wima, na usiishie kung'ata juu-chini tu: telezesha taya kushoto na kulia karatasi ikiwa mdomoni. Vizibo vingi vinavyoonekana sawa kwa kung'ata hukwaruza pale taya linapokwenda pembeni.

Baada ya kupunguzwa, maumivu ya kung'ata yanaweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, kuisha kabisa, maana nyuzi zilizochubuka zinahitaji muda. Na tafadhali, usijisugulie mwenyewe kwa tupa ya kucha. Wapo wanaofanya hivyo, na utaondoa enameli isiyorudi tena.

Hatua ya 4: Litulize nyumbani

Nunua dawa ya meno ya meno yanayoshtuka. Soma kwenye boksi kama ina potasiamu nitrati (mara nyingi asilimia 5), stanasi floridi au arjinini. Ya kwanza hutuliza neva. Hizo mbili nyingine huziba midomo ya vijirija. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa mswaki laini, tema povu, na usisukutue kwa maji. Usiku, kabla ya kulala, chukua kiasi kidogo kwa kidole safi, paka kwenye shina la jino karibu na fizi na pembezoni mwa kizibo, kisha uliache. Zinahitaji wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi yake. Wengi huzitupa siku ya tatu.

Lakini tusiipe sifa isiyo yake. Dawa hii hufika kwenye dentini iliyo wazi tu. Haiingii chini ya kizibo. Kama tatizo ni mwanya ulio chini au kiini kilichovimba sana, itakupunguzia kidogo na haitamaliza.

Weka kando dawa za kung'arisha meno na unga wa mkaa hadi jino litulie, hukwaruza. Vitu vyenye asidi kama soda na matunda machachu vipunguze, na ukishavitumia subiri walau nusu saa kabla ya mswaki. Kunywa vitu vya vuguvugu. Tafunia upande mwingine siku za mwanzo, ila usiufanye mtindo wa miezi, na usiache kulisafisha jino hilo kwa kuliogopa. Uchafu ukikaa, fizi huvimba, na sasa una maumivu mawili.

Angalia pia unavyokaa na mdomo wako mchana. Midomo ifungwe, meno yaachane. Ukijikuta umekaza meno mbele ya kompyuta au kwenye foleni ya magari, legeza. Anayesaga meno usiku amwambie daktari. Kuna kinga ya plastiki inayotengenezwa kwa vipimo vya meno yake.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, ni mazuri kwa fizi iliyokwaruzwa wakati wa kuziba. Kwa jino lenyewe hayafanyi kitu. Mafuta ya karafuu yana yujenoli ambayo kweli hutuliza neva, lakini jino lako limefungwa, hayana pa kupenyea, na yakiwa makali huunguza fizi. Kusaga aspirini na kuibandika kwenye fizi ni kuunguza fizi tu. Antibayotiki nazo hazitibu kiini kilichovimba, kwa hiyo usijinunulie wala usitumie zilizobaki za mtu mwingine.

Hatua ya 5: Dawa ya maumivu, kwa kipimo

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula husaidia zaidi, kwa kuwa hupunguza na uvimbe. Rudia baada ya saa 6 hadi 8, na usizidishe miligramu 1,200 kwa siku bila daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, asiiguse bila ushauri. Paracetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila saa 6, isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24, ndiyo mbadala. Mwenye shida ya ini au mnywaji wa pombe nyingi aulize kwanza. Angalia pia dawa za mafua ulizo nazo, maana nyingi tayari zina paracetamoli ndani. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake.

Kama wiki ya pili bado unahitaji kidonge kila siku ili uweze kufanya kazi, hiyo tayari ni sababu ya kurudi kliniki.

Hatua ya 6: Angalia mwelekeo, si tarehe tu

Siku 2 au 3 za kwanza huwa kali. Kufikia wiki ya pili iwe imepungua waziwazi, na kufikia wiki ya nne meno mengi yameshasahau. Kama daktari alikuambia tundu lilikuwa kubwa na karibu na neva, unaweza kuvumilia miezi miwili hata mitatu ya msisimko wa baridi, ilimradi kila ukifungua kumbukumbu zako namba zinashuka na maumivu hayaji yenyewe.

Wiki mbili bila mabadiliko yoyote: piga simu. Maumivu yanayopanda badala ya kushuka: nenda. Jino lililotulia miezi mingi kisha likaanza upya halihusiani tena na mchubuko wa kuchongwa. Hapo tafuta kizibo kinachovuja, uozo mpya pembeni yake, au ufa.

Hatua ya 7: Ukirudi kwa daktari

Kama unaweza kuvumilia, usimeze dawa ya maumivu saa chache kabla ya miadi, isije ikaficha majibu ya vipimo. Halafu usiseme tu "linauma". Sema kitu cha namna hii: "Daktari, ni gego la pili chini kulia. Maji baridi yanalishtua kama sekunde tano, yanaisha. Wiki mbili zilizopita ilikuwa sekunde kumi na tano. Kutafuna hakuna shida, usiku nalala." Maneno hayo yanampa nusu ya majibu kabla hujafungua mdomo akuangalie.

Atagusisha pamba yenye baridi kali kwenye jino hilo na kwenye jirani zake ili alinganishe, atagonga kwa mpini wa kile kioo chake kidogo cha kuangalia meno, atakung'atisha kifimbo kwenye kona moja moja ya jino akitafuta ufa, na pengine atapiga eksirei. Eksirei ikitoka safi usivunjike moyo wala usimwone muongo anayesema bado kuna tatizo: ufa mwembamba na uvimbe wa mwanzo wa kiini havionekani humo.

Kutokana na hapo anaweza kupunguza kizibo, kupaka floridi kali kwenye shina lililo wazi, kutoa kizibo na kuweka kingine chenye tabaka la kukinga chini yake, kuweka dawa ya muda inayotuliza, au kulivika kofia (gamba gumu linalofunika jino lote) jino lenye ufa. Ombi la "toa uweke kingine" usiwe mwepesi kulitoa. Kila uchongaji ni msukosuko mpya kwa kiini kilekile, na jino linalopata nafuu polepole ni heri liachwe. Uliza: kipimo gani kimeonyesha kuwa kizibo ndicho chenye kosa?

Akikuambia kiini kimeshindwa, njia ni mbili: kutibu mizizi, yaani kuondoa kiini, kusafisha mifereji yake na kuijaza, au kung'oa. Gego lililotibiwa mizizi kwa kawaida huvikwa kofia baadaye, maana hupasuka kirahisi. Uliza gharama ya vyote viwili kabla ya kukubali. Na hali hii haimaanishi moja kwa moja kwamba aliyekuziba alikosea. Uozo uliofika kina kirefu huwa umeshakijeruhi kiini kabla mashine haijaligusa jino.

Kuna hali moja inayowapoteza wengi. Jino limekukesha siku kadhaa, ghafla limenyamaza, bila matibabu yoyote. Hata maji baridi hayalishtui tena. Linaweza kuwa limepona, lakini baada ya maumivu ya kukesha huenda kiini kimekufa, na bakteria wanaendelea kushuka kuelekea ncha ya mzizi bila wewe kujua. Dalili inayoweza kufuata ni kipele kwenye fizi kinachotoa usaha, kinapotea na kurudi. Panga miadi hata kama huna maumivu, mwambie daktari ni lini liliacha kuuma, na kama eksirei ya sasa haionyeshi kitu, muulize ni lini urudi kwa nyingine.